Mkweche ni Nani Kati Yetu?

Ndugu msomaji, mimi ninamiliki Toyota Starlet ya mwaka 1992, milango mitano, nyeupe iliyochoka mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa, namba A. Nayasema haya mapema ili mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tuzungumze. Maana hapa Dar es Salaam kucheka gari la mtu siku hizi ni kazi kama kazi nyingine. Mnakutana na mtu mliyesoma naye, hamjaonana miaka sita, hakuulizi mama hajambo wala umeoa. Anauliza: "Unasukuma nini? Namba gani?"

Kwa msomaji aliye mbali na huku, hii "namba gani" ina maana yake. Gari la mtu binafsi Tanzania hubandikwa herufi T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na zile herufi tatu zinatembea kwa foleni ya alfabeti: zilianza na A, zikaja B, C, D, na hata E tumeziona. Sasa angalia upuuzi wenyewe. Herufi hiyo haikuambii gari limetengenezwa lini. Inakuambia limesajiliwa lini, basi! Gari lililochakaa miaka kumi na tano huko Japani, likashushwa bandarini juzi, linapewa namba mpya, na mwenyewe anapita kifua mbele. Langu ambalo limetunzwa hapa hapa, oili inabadilishwa kwa wakati, linaitwa mkweche kwa sababu ya herufi moja. Watu wazima, wenye digrii, wanapimana utu kwa herufi. Tungekuwa watoto wa chekechea ningeelewa.

Dai langu ni hili, na sitalizungusha. Kwa mishahara yetu sisi vijana, gari dogo, kuukuu, lililokwisha kulipiwa, ndilo gari pekee ambalo mtu analimiliki. Hayo mengine yanammiliki yeye. Na dharau tunayolimwagia gari dogo ilipandwa ikapaliliwa, na wapanzi wake wengine ni sisi wenyewe tunaoshika kalamu.

Kwanza nikitambulishe hicho mnachokicheka. Jina la Starlet lilianza kutumika mwaka 1973, na gari lenyewe likaendelea kutengenezwa kwa sura mbalimbali hadi mwaka 1999, Vitz ilipochukua nafasi yake. Yangu ina injini ile ya 4E, cc 1331. Uzito wake haufiki kilo 900. Wanaume wanne walioshiba wanaweza kukikamata kigari hiki na kukitoa mtaroni, nami nimeshuhudia kikitolewa. Madirisha unazungusha kwa mkono. Redio ilikufa kabla sijakinunua. Kiyoyozi hakuna, upepo upo. Ukifungua boneti unaona ardhi kule chini, na kila kitu kinafikika: plagi nne, distribyuta, betri, radieta, vyote vimekaa wazi kama vyombo kwenye kichanja. Fundi wangu, mzee mmoja wa Kimara asiyependa maneno mengi, ana sentensi moja tu juu yake: "Hii gari haina siri."

Sifa gani kubwa kuliko hiyo? Magari mengi ya siku hizi ukiyapeleka gereji fundi hayashiki kwanza. Anachomeka kompyuta, kompyuta inatoa namba, namba inatafutwa maana, maana inakugharimu laki tatu hata kabla spana haijatoka mfukoni. Mimi nikisikia kelele naenda, mzee anainama, anasikiliza, anasema "bushi" au "boljointi", tunakwenda Gerezani tunaipata, na jioni niko barabarani.

Sasa hesabu, maana kuna watu hawaamini neno mpaka lipitie mfukoni. Naishi Kimara, kazi yangu iko Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Nikifanya kazi siku 22 kwa mwezi, hizo ni kilomita 880. Starlet yangu nimeipima mwenyewe kwa dumu na daftari: lita moja inanipa kilomita 15, foleni ikiwemo. Kwa hiyo natumia lita 59. Mwaka 2022 lita ya petroli hapa Dar ilivuka shilingi 3,000, na tangu hapo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei, mji mzima unashika tama. Tuchukue hiyo 3,000 iwe rahisi kuzidisha. Mimi mwezi unanigharimu shilingi 177,000. Rafiki yangu mmoja, jina nalihifadhi, ana Harrier ya cc 2362. Kwa foleni ya Morogoro Road anaambulia kilomita 8 kwa lita. Lita 110, shilingi 330,000. Tofauti yetu ni 153,000 kwa mwezi, 1,836,000 kwa mwaka, na hapo hatujagusa tairi, sevisi wala riba.

Riba! Hapo ndipo penye kidonda, na huyu rafiki yangu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ni mwalimu. Alikuwa na kiwanja Chanika, kidogo, lakini chake, amekwisha weka tofali mia nane pembeni. Alikuwa pia na Vitz ya cc 997 isiyodaiwa na mtu. Ofisini wakamwandama, "mwalimu mzima unaendesha gari la kike!" (Hapa nisimame kidogo. Eti gari la kike. Dada zetu wakichagua gari kwa kuangalia mafuta, spea na mahali pa kupaki, sisi wanaume tunaligeuza tusi. Tangu lini akili ikawa aibu?) Basi mwenzangu akauza Vitz, akachukua mkopo wa kukatwa kwenye mshahara kwa miaka sita, haukutosha, akauza na kiwanja. Harrier ikaja. Tulikwenda kuipokea, tukapigwa picha, tukala kuku.

Miezi minane baadaye Harrier ilikuwa inalala chini ya turubai Jumatatu mpaka Alhamisi. Inatoka Ijumaa jioni na Jumapili ya kanisani. Siku nyingine za wiki, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwenye Harrier anasimama pale kona na mkoba wake wa madaftari, ananisubiri mimi na mkweche wangu! Anakaa kiti cha mbele, anasogeza kiti nyuma kwa ule mkono wa chuma unaokwama, ananiambia, "Aisee, hiki kidude kinakwenda." Simcheki. Zile tofali mia nane zimebaki kwa jirani wa Chanika na sasa jirani amejengea choo. Mama yake mwalimu, ambaye alikuwa ahamie pale kutoka Singida, bado yuko Singida. Hebu niambie, ndugu msomaji, katika habari hii mkweche ni nani?

Najua kuna atakayesema hilo ni kosa la mtu mmoja, asiyejua kupanga. Ebo! Na wale wote waliomzunguka? Nenda kwenye ukumbi wowote wa harusi mjini hapa Jumamosi jioni uone shule inavyofundishwa. Mwaka jana nilikwenda kwenye harusi ya binamu yangu. Mlinzi wa maegesho, kijana wa rika langu, alilipokea gari lililokuwa mbele yangu, moja la hayo marefu meusi, kwa mikono yote miwili: "Bosi, karibu bosi, pita mbele bosi, hapa hapa mlangoni." Nikafuata mimi. Hakuniita bosi, hakuniita kaka, hata "we dogo" hakuniambia. Aliliongelesha gari: "We kistaleti, rudi kule nyuma kwenye jenereta!" Mimi mchango wangu wa harusi nilikuwa nimelipa wote, tena mapema. Huyo wa mbele, kama nilivyoambiwa baadaye na mweka hazina, alikuwa bado anadaiwa ahadi yake. Kamati nayo ilikuwa imekwisha pitisha kwamba kwenye msafara wa maharusi magari madogo yakae mwisho "ili video isiharibike". Wallahi ndivyo ilivyoandikwa kwenye ujumbe wa simu.

Mlinzi simlaumu sana. Yeye amejifunza kwetu. Tuchukue hadithi zetu, pamoja na hizi zinazochapwa kwenye gazeti letu hili dogo. Mwandishi akitaka kumleta tajiri, anamshusha kwenye Benzi. Akitaka kumleta tapeli anayependwa na wasichana, anampa Prado. Maskini anatembea kwa miguu, au anabanana kwenye daladala kwa aya mbili nzima za jasho. Mtu wa katikati je, mwuguzi mwenye Starlet, karani mwenye Duet, mhasibu anayepiga mswaki akiwaza plagi? Huyo hayumo. Au akiwemo, gari lake linazimika njiani ili tucheke. Filamu zetu ni hivyo hivyo. Ni uvivu wa kalamu. Gari linafanya kazi ambayo maelezo ya mtu yangeifanya. Halafu tunashangaa msomaji akijifunza kwamba mtu bila cc 2000 hana hadithi.

Zamani kidogo lugha ilikuwa kali zaidi kwa wakubwa. Baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walibuni kabila jipya, Wabenzi, na halikuwa jina la kusifia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kumzuia kiongozi asijilimbikizie. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza hayo masharti, na katika miaka iliyofuata yakaonekana barabarani madude makubwa ya vioo vyeusi. Waswahili wakayaita mashangingi. Shangingi, kama ujuavyo, ni neno la mwanamke aliyekubuhu, asiyeona haya. Lilikuwa jina la kejeli. Lakini kejeli ilichoka ikalala. Siku hizi mtu akiambiwa "una shangingi" anashukuru.

Na huku dogo nalo likapewa KI. Kigari, kidude, kistaleti. Wanadhani wametukana! Mimi nimefundishwa ngeli na mwalimu mkali wa Tanga, na nasema KI naikubali. Ni KI ya kudunisha, sawa, lakini ndiyo hiyo hiyo unayoikuta kwenye kipenzi, kisura na kitindamimba anayepewa finyango la mwisho. Sisi wenyewe tunaoandika humu tunaitwa vijana, mmoja wetu ni kijana. Na lugha tunayotukania inaitwaje? Basi kigari kiitwe kigari, mimi nakaa ndani yake bila kinyongo.

Tena nakaa kwa raha, na hili wachekaji hawalijui kabisa. Kariakoo saa tisa mchana, mtaa wenye mikokoteni kushoto na mabegi ya mitumba kulia, mimi napita. Napaki kati ya bajaji mbili. Dirisha liko wazi, namsikia mwuza maji, nasikia mabishano ya Simba na Yanga bila kuwasha redio ambayo hata hivyo haiwaki. Viti vya nyuma vikilazwa naingiza godoro la futi nne, gunia la mkaa na mtungi wa gesi. Kijiji chetu Handeni kimekijua kwa honi yake. Kikipanda mlima unasikia kila gia inafanya kazi gani, kama kuongea na mtu mkweli. Na kipo changu chote, tangu bampa mpaka kizibo cha tangi. Hakuna afisa mikopo popote duniani mwenye haki ya kunipigia simu kuhusu hata nati yake moja. Nililipa shilingi milioni 3 na laki 2, taslimu, nikaondoka.

Haya, nisikilize na hoja za upande wa pili, maana si zote za kupuuza.

Wanasema ni hatari. Kweli, kigari cha mwaka 1992 kama changu hakina zile puto za kufumuka usoni, na bati lake ni jembamba. Ndiyo maana siendi nacho Morogoro usiku kushindana na malori, na ndiyo maana pesa ya tairi na breki haikopwi kwangu. Lakini Kimara mpaka Posta asubuhi mwendo ni kilomita 20 kwa saa. Hapo gari la tani mbili na nusu linamwokoa nani? Muulize mwenye pikipiki na mtembea kwa miguu ni gari lipi wanalioliogopa.

Wanasema ni moshi. Gari kuukuu lisilotunzwa linatoa moshi mchafu, nakubali, na mwenye nalo atengeneze au aliache. Ila tusidanganyane: kila lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, iungue kwenye namba A au namba E. Hesabu ya lita 59 na lita 110 tumeshaifanya hapo juu.

Wanasema panda mwendokasi. Napanda! Tangu mwaka 2016 inapita mlangoni kwetu Kimara, na siku ambazo sina mzigo wala mwalimu wa kumbeba huwa napanda. Kama wenye madude meusi nao wangepanda, makala hii ningeifunga hapa. Na mvua ya masika? Jangwani pakifurika barabara inafungwa, shangingi na kistaleti vyote vinageuza.

Hoja ngumu inatoka kwa Serikali, nayo inajificha ndani ya ushuru. Mwaka 2017 ilifuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ikahamishia kwenye mafuta shilingi 40 kwa kila lita. Hapo niliwapigia makofi: anayekunywa sana alipe sana. Lakini njoo bandarini. Kwa viwango vya ushuru wa bidhaa tulivyovizoea miaka ya karibuni, gari lisilozidi cc 1000 halilipi kitu, kati ya 1000 na 2000 linalipa asilimia 5, na linalozidi 2000 linalipa asilimia 10. Liwe na cc 2100 au liwe Land Cruiser V8 ya dizeli ya cc 4461, asilimia ni 10 ile ile. Ulafi ukishavuka 2000 hauhesabiwi tena. Sasa umri. Miaka 8 hadi 10, ongeza asilimia 15. Ukizidi 10, asilimia 30. Kwa maneno mengine, mbele ya sheria uzee ni kosa mara tatu ya ulafi. Mwuguzi akiagiza kigari cha cc 997 chenye miaka 12, kinachokunywa kama ndege, anatozwa kwa umri wake asilimia mara tatu ya ile anayotozwa kwa ukubwa wake bwana mwenye V8 mpya. Wenzetu wa Kenya wamefika mbali zaidi, gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi hata kuingia.

Najibiwa kwamba nchi isigeuzwe jalala. Sawa kabisa, nani anataka jalala? Basi lipimwe gari lenyewe. Pimeni breki, pimeni moshi, gongeni bati muone kutu, kibovu kirudishwe kilikotoka. Kinachopimwa kwenye ushuru huu wa umri ni cheti cha kuzaliwa. Na kama kweli tunabana mafuta yanayoagizwa kwa fedha za kigeni, basi ngazi ile ya cc isiishie 2000. Ipande: 3000 walipe zaidi, 4000 zaidi tena, tuone kamati za harusi zitapanga msafara kwa utaratibu gani.

Mwalimu ameanza kuulizia Vitz. Ameniomba nimpeleke kwa mzee wa gereji Jumamosi hii, kuna moja imeletwa pale, ya mwaka 2001, namba B, bampa la nyuma limepasuka. Mwenyewe anataka milioni 4. Mzee ameshaifungua boneti, amesikiliza, amesema mashine nzima, bushi za mbele tu. Harrier tutaishusha turubai Ijumaa tuioshe, aje mnunuzi aione.